Folda ya Mjomba

Ofisini walimwita Mpwa, na si kwa mapenzi. Jina lake lilikuwepo kwenye kadi aliyovaa shingoni, limeandikwa kwa herufi kubwa tu, lakini nani asome kadi wakati kila mtu anajua binti kaingiaje? Kaingia kwa mlango wa mjomba. Basi ikawa Mpwa. "Mpwa, chai imeisha." "Mpwa, printa imekwama tena, hebu nenda kaipige kofi." Hata mlinzi wa getini, ambaye hakujua kama kompyuta inaliwa au inavaliwa, alimwita Mpwa.

Mjomba mwenyewe walimwita Mkono. Hilo sasa lilikuwa jina la heshima.

Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la matairi, chumba kimoja kirefu kinachonuka mpira mpya, na feni moja inayokohoa kuliko inavyopuliza. Kazi yao ilikuwa programu ya foleni za zahanati. Mgonjwa anafika, anapewa namba, anakaa kwenye benchi, halafu skrini ukutani inaita namba yake. Programu iliandikwa kwa Java, na mafaili yote yalikaa kwenye seva, kompyuta kubwa waliyoifungia kabatini kama mgonjwa wa kuambukiza. Kila mtu alifanya kazi mezani kwake, lakini kila mtu alichota na kurudisha huko kabatini, kwenye folda ya wote.

Sasa ofisi ile ilikuwa na jambo lake. Mtu akirekebisha kitu kwenye mistari ya programu, anabonyeza kujenga, yaani mashine isome yale maandishi na kuyageuza yawe programu inayotembea. Mashine inasema, Imefanikiwa. Mtu anafungua programu, anakuta ni ileile. Hakuna kilichobadilika, hata rangi. Anarekebisha tena, anajenga tena, Imefanikiwa, na bado ileile. Mwisho anachoka, anaweka faili lake kwenye flashi, anampelekea Mkono. Mkono anavaa miwani, anaipuliza flashi kama mtu anayepoza uji, anaichomeka, anabonyeza mawili matatu, anajenga. Na programu inabadilika pale pale.

Hakuna aliyeuliza kwa nini. Walishazoea.

"Kuna watu mkono wao una baraka," alisema Mcheshi, kijana wa meza ya pembeni ambaye alimaliza chuo na vyeti vya kutosha kupigia deki. "Mimi nikipanda nyanya, zinakufa kwa hasira. Jirani yangu anatema mbegu tu, zinaota. Sasa nibishane na Mungu?"

Mbele ya meza ya Mkono paliwekwa viti vitatu vya plastiki vya kusubiria. Watu wanaouza dawa ya foleni, na wao wenyewe wamepanga foleni.

Mpwa alikuwa bado kwenye majaribio. Bosi wao, mwanamke mnene mpole wa sauti ambaye wote walimwita Mama, alimwita pembeni akamwambia bila kuzunguka.

"Sikiliza, binti. Watu wanasema nimekuchukua kwa sababu ya mjomba wako, na ni kweli. Sasa nataka nione kazi yako wewe. Sio mjomba kaipitia, sio mjomba kaigusa. Ijumaa utaijenga mbele yetu sote. Ikikubali, unabaki kwa jina lako. Isipokubali, tutaagana vizuri tu."

Mpwa aliitikia kwa kichwa. Hakuwa mtu wa maneno. Maneno yake mazuri yote yalimjia akiwa bafuni.

Lakini hilo neno moja alilibeba mpaka nyumbani. Kwa jina lako. Mama yake, fundi cherehani aliyeshona kwenye sebule iliyogawanywa kwa pazia, alishawatangazia mtaa mzima: "Ndugu yangu kamshika mtoto wangu mkono!" Kila mteja aliyekuja kupunguziwa gauni aliondoka nayo hiyo habari, apende asipende. Mpwa alitaka siku moja tu mama aseme kitu kingine.

Kazi aliyopewa ilikuwa ndogo, ila ilikuwa inauma. Mgonjwa akiondoka bila kutibiwa, mashine haikujua. Iliendelea kuita namba yake, inaita, inaita, na wa nyuma yake wamekaa. Nesi wa zahanati moja alikuwa amepiga simu, sauti imekauka. "Jana mmetuitia marehemu," alisema. "Mzee kafia benchini, tumemtoa, mashine yenu inaita namba yake asubuhi yote. Na mkewe amekaa pale pale anasikiliza."

Mpwa aliisikia simu ile kwa masikio yake. Akakaa akaandika. Namba ya aliyeondolewa isiitwe tena, foleni isogee. Akajenga. Imefanikiwa. Akafungua, akamwondoa mgonjwa wa bandia, akasubiri.

Mashine ikamwita yule yule aliyeondolewa.

Akarudia. Akaandika kwa njia nyingine. Akafuta yote akaanza upya. Imefanikiwa, imefanikiwa, na mgonjwa wa bandia anaitwa tu kama mtu mwenye deni. Mpwa akaanza kujishuku. Labda ni kweli nimebebwa, akawaza. Labda kichwani mwangu mna pamba.

"Mpelekee Mkono," alisema Mcheshi bila kugeuka.

"Nimekatazwa."

"Basi mpelekee Mungu. Ila foleni yake ndefu zaidi."

Siku moja hasira zikampanda, hasira za mtu mkimya, zile mbaya. Akafungua faili, akaenda katikati kabisa ya mistari, akaandika: mbuzi. Hivyo hivyo. Mbuzi, peke yake, kasimama katikati ya Java. Na Java si lugha ya kusamehe. Ukisahau alama moja tu inakufokea kama mama mkwe aliyenyimwa kiti. Mpwa akajenga, akangoja kufokewa.

Imefanikiwa.

Akatoa macho. Akafungua faili lingine la upande wa skrini, akamweka mbuzi huko nako. Akajenga.

Imefanikiwa.

Hapo ndipo alipoelewa. Mashine haikuwa inakataa kazi yake. Mashine haikuwahi kuisoma. Angeweza kuandika mbuzi, ng'ombe na zizi zima, ingesema asante tu.

Akamfuta mbuzi, akaifungua skripti ya kujengea. Hili ni faili linaloiambia mashine ichukue wapi maandishi, iyapange vipi, na programu iliyoiva iiweke wapi. Pale ofisini hakuna aliyeligusa. Liliandikwa zamani, ni refu, na watu waliliogopa kama stoo yenye nyoka. Mpwa akashuka nalo mstari kwa mstari, kidole kwenye kioo, mpaka akafika kwenye kistari kinachotaja folda ya chanzo, mahali pa kuchota mafaili.

Hakikuelekea folda ya wote. Kilielekea folda binafsi ndani ya seva, njia imeandikwa nzima nzima, kama mtu anayekuelekeza nyumbani kwake mpaka rangi ya mlango. Na ile folda ilikuwa ya Mkono.

Ingekuwa haipo, mashine ingepiga kelele, na mtu angerekebisha siku ile ile. Lakini ilikuwepo, imejaa, na kompyuta zote ofisini ziliifikia. Kwa hiyo kila mtu aliyebonyeza kujenga, alijenga kazi ya Mkono. Wewe andika usiku na mchana kwenye folda ya wote, ni kama unaimba chumba cha pili. Na ukimpelekea yeye faili lako, analiweka kwake, anajenga, linakubali. Baraka gani? Folda tu.

Mpwa alikaa anaitazama ile njia. Hakufurahi. Kikulacho ki nguoni mwako, mama yake alipenda kusema, akiwa na pini mdomoni.

Jumapili mjomba alikuja kula kwao kama kawaida. Baada ya chakula alitoka kukaa kwenye ngazi ya nje, anamenya chungwa, ganda linashuka refu bila kukatika. Mpwa akaja na beseni la vyombo, akakaa ngazi ya chini.

"Mjomba."

"Naam, mama." Hivyo ndivyo alivyomwita tangu mdogo.

"Kile kistari cha folda ya chanzo. Kwenye skripti. Kinaelekea kwako."

Mpwa alitegemea ataulizwa, kistari gani. Ganda la chungwa likakatika.

"Umekiona," mjomba akasema.

"Nimekiona."

"Nilikiandika mwanzo kabisa. Ofisi ilikuwa mimi, Mama na ile feni. Hakukuwa na folda ya wote kwa sababu hakukuwa na wote." Akala kipande. "Halafu wakaja vijana wa chuo. Mmoja akaniletea faili, anasema kwake linakataa. Nikaliweka kwangu, nikajenga, likakubali. Wewe, ungeona alivyonitazama! Mimi, niliyejifunza kwa vitabu vya kuazima. Nikasema, kesho nitakinyoosha."

"Na kesho?"

"Kesho akaja mwingine."

Ndani cherehani ilikuwa inanguruma, inanyamaza, inanguruma.

"Kinyooshe basi, mjomba. Kabla ya Ijumaa. Nyoosha wewe mwenyewe, hakuna atakayejua."

"Halafu mimi nabaki nani?" Hakusema kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli. "Hebu niambie. Mzee wa kupuliza flashi?"

"Kuna zahanati mashine yetu imeita marehemu mbele ya mkewe."

Mjomba akameza kipande cha mwisho. Akafuta vidole kwenye suruali. "Lete faili lako. Nitaliweka kimya kimya. Ijumaa utajenga mwenyewe mbele yao, itakubali, watakupigia makofi. Unabaki kazini, na mimi nabaki nilipo. Kuna ubaya gani hapo?"

Mpwa akasugua sahani ambayo ilishatakata.

"Mnanong'ona nini nyie?" mama akaita kutoka ndani.

"Mambo ya kazi, dada!"

"Msikilize mjomba wako, we mtoto. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo."

Faili hakulipeleka. Alimngoja mjomba. Kila asubuhi alifika, akafungua skripti kabla hata ya kukaa vizuri, akashuka mpaka kwenye kile kistari. Kile kile. Angeweza kuinakili skripti pembeni, akaielekeza kwenye folda ya wote, akajaribu kimya kimya aone kazi yake inavyotembea. Hakutaka. Aliona ni kama kumpekua mjomba mifukoni wakati bado hajamnyima jibu. Alijiambia atanyoosha tu, damu nzito kuliko maji. Alhamisi umeme ukakatika asubuhi haukurudi, na Ijumaa ikafika.

Walikusanyika wote. Picha ya kompyuta yake ikarushwa ukutani, kubwa, kila herufi kama kichwa cha mtoto. Mama alikaa mbele, mikono juu ya tumbo. Mjomba alisimama nyuma dirishani, anatazama matairi chini.

Mpwa alikuwa ameyapanga maneno yake bafuni, mazuri, yamenyooka. Yakabaki huko huko bafuni.

"Kabla sijajenga," akasema, sauti kama ya panya. "Kuna kistari. Kinachota folda ya zamani. Sio ya wote. Ndio maana kazi zetu… ndio maana hazionekani."

Akakifungua. Hakutaja jina la mtu. Lakini njia ilikuwa ukutani, na Mcheshi alikuwa na macho.

"Ngoja," akasema Mcheshi. "Hiyo si folda ya Mkono?"

Feni ikakohoa. Mpwa, masikio yanamwaka moto, akafuta ile njia, akaandika ya folda ya wote, akabonyeza kujenga.

Ukuta mzima ukawa mwekundu.

Na mstari wa kwanza kabisa, juu ya yote, mashine ilisema kuna neno isilolielewa: mbuzi.

Alimfuta wa kwanza. Wa pili, yule wa faili la skrini, alimsahau.

"Mbuzi?" akauliza Mama.

Jamani, watu walicheka. Dada wa mapokezi alishika ukuta. "Mpwa kafuga!" akapiga kelele Mcheshi. "Tunasema hajui kazi, kumbe mfugaji!" Mpwa akamfuta yule mbuzi kwa vidole visivyosikia, akajenga tena. Akaomba kimoyomoyo.

Nyekundu. Faili lake sasa halikutajwa. Lakini chini yake yalishuka mengine, yanashuka, yanashuka, hayaishi. Mistari iliyokosa alama. Mafaili yanayoita mafaili yaliyofutwa zamani. Kazi ya Mcheshi, kazi ya wa karibu naye, kazi ya watu walioshaacha kazi. Kila mtu alirekebisha kitu, akampelekea Mkono, Mkono akakisafisha akakiweka sawa kwake, na kwenye folda ya wote kikabaki kibichi hivyo hivyo. Miaka yote hiyo mashine haikuwa imeisoma ile folda hata mara moja. Leo ndiyo ilikuwa inaisoma, kwa sauti, mbele ya bosi.

Kicheko kikakatika. Kila faili lilibeba jina la aliyeliandika, na majina yao yalikuwa ukutani.

"Asubuhi ilikuwa inakubali?" Mama akauliza.

"Ilikuwa inakubali, Mama, lakini…"

"Na sasa?"

"Sasa inakataa. Lakini sasa ndiyo inasema kweli."

"Kabla hujaigusa ilikuwa inafanya kazi," akasema Mcheshi. Mara hii hakuwa na mzaha hata kidogo. Makosa yake yalikuwa yamejaa robo ya ukuta, na cheti chake hakikuwepo pale kuyafunika.

Simu ya mapokezi ikalia. Zahanati inauliza programu mpya iko wapi, waliahidiwa leo.

"Mkono," akaita Mama.

Mjomba akatoka dirishani. Watu wakampisha njia. Akavaa miwani, akainama juu ya bega la Mpwa, akanuka ile sabuni yake ya siku zote, akarudisha kile kistari kilivyokuwa. Akajenga.

Imefanikiwa.

Wakapiga makofi. Kweli kabisa, walipiga makofi, kama watu walioteremshwa kwenye mti.

"Lakini kwa nini kinaelekea kwako?" Mama akauliza, amefinya macho.

"Usalama, Mama." Mjomba alivua miwani taratibu. "Vijana wanachafua, mimi nachuja. Umeona mwenyewe ukutani."

Lilikuwa jibu zuri sana. Lilikaa vizuri mdomoni, kama lilikuwa linangoja hapo muda mrefu. Na kibaya zaidi, kwa ushahidi wa ule ukuta, lilikuwa limeshakuwa la kweli. Mpwa alimtazama mjomba wake usoni. Mjomba alitazama kibodi.

Mama alimwita baadaye, peke yake. "Kichwa unacho," akasema, na hakuwa amekasirika, hiyo ndiyo iliyouma. "Heshima ndiyo sijui. Utabaki, kwa ajili ya mjomba wako, kaniomba. Ila skripti usiiguse tena. Na kazi yako mpelekee, kama wenzako."

"Ndiyo, Mama."

Basi Mpwa akaliweka faili lake kwenye flashi, akaenda akakaa kwenye kiti cha plastiki. Mbele yake alikuwa Mcheshi, na Mcheshi hakumsemesha. Zamu yake ilipofika mjomba aliipokea flashi kwa mikono miwili.

"Karibu, mama," akasema polepole. Akaipuliza.

Akaliweka faili kwake, akajenga, akafungua, akamwondoa mgonjwa wa bandia. Mashine ikamruka, ikaita anayefuata, safi kabisa. Faili lilikuwa zima, halikuhitaji kusafishwa hata herufi moja.

"Mkono wa baraka!" akasema mtu nyuma.

Jioni mama yake alikuwa anamsubiri mlangoni, tepu ya kupimia shingoni. Mjomba alishapiga simu. "Umebaki!" akamkumbatia. "Si nilikwambia? Ndugu yangu huyo! Bila yeye ungekuwa wapi?"

"Sijui, mama," Mpwa akasema.

Mwaka uliofuata waliongeza kiti cha nne cha plastiki. Na siku moja akaja binti mpya wa majaribio, mwembamba, mkimya, hata chai anaomba kwa macho. Walimpa meza ya pembeni ya Mpwa. Wiki ikapita, anaandika, anajenga, anakunja uso. Mwisho akasogeza kiti chake karibu, akanong'ona.

"Dada, samahani. Sijui kama nimechanganyikiwa. Nimeandika upuuzi katikati ya faili, makusudi, nione itasemaje. Na bado inasema imefanikiwa."

Mpwa alimtazama. Alitazama na skrini yake, na ule upuuzi wake pale katikati. Ng'ambo ya chumba mjomba alikuwa anapuliza flashi ya mtu. Alishazeeka kidogo, mjomba, miwani sasa ilimteleza.

"Futa hiyo," Mpwa akasema. "Usisahau mahali popote ulipoiweka. Halafu mpelekee Mkono."

"Lakini dada, kwa nini…"

Mpwa akainuka, akakivuta kile kiti cha nne, akakiweka sawa nyuma ya vingine.

"Foleni inaanzia hapa," akasema.